Bahari, Ziwa na Jina la Chama: Vyama vya Makumbusho ya Ubaharia Vikitazamwa kutoka Itungi

Utangulizi

Mtu anayefika Itungi, katika Wilaya ya Kyela, kwa nia ya kujifunza historia ya usafiri wa majini katika Ziwa Nyasa hukuta bandari, hakuti makumbusho. Vyombo vyenyewe havikosekani. Mwaka 2017 zilikamilishwa huko meli mbili za shehena, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000, na mwaka 2021 ilianza kazi MV Mbeya II, inayochukua abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kabla ya hizo, kwa miongo kadhaa, MV Songea na MV Iringa ndizo zilizowaunganisha watu wa Kyela na wenzao wa Manda, Liuli na Mbamba Bay, katika ufuo ambao sehemu yake kubwa, chini ya Milima ya Livingstone, haikuwa na barabara. Kinachokosekana ni mahali ambapo historia hiyo imekusanywa na kuelezwa. Mzinga wa manowari moja uko Mangochi, nchini Malawi; barua na picha ziko katika hifadhi za nyaraka za Ulaya; na istilahi za kazi zimo vinywani mwa watu wanaozidi kuzeeka.

Kwingineko duniani kazi ya kukusanya mambo ya aina hiyo hufanywa na makumbusho ya ubaharia, na makumbusho hayo huwa na vyama vyake vya kitaalamu. Suala linalochunguzwa katika mhadhara huu ni jinsi vyama hivyo vilivyokua, jinsi mipaka yake ilivyochorwa, na kwa nini ufuo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ukabaki nje ya mipaka hiyo. Jibu la haraka ni fedha. Ni jibu la kweli, ila halitoshi, kwa kuwa yako makumbusho mengi yenye dhiki ya fedha ambayo hata hivyo yamo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sehemu ya jibu imo katika maneno: ni maji gani yanayoitwa bahari, na ni nani mwenye haki ya kujiita baharia.

Makumbusho na chama

Yafaa kuanza na maneno mawili ambayo kwa kawaida hupitwa haraka. Neno makumbusho halikutafsiriwa kutoka katika lugha za Ulaya kwa kufuata umbo lake. Neno la Kigiriki lililozaa majina ya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa lilihusu makazi ya miungu wa kike wa sanaa na elimu. Kiswahili kilichukua njia nyingine. Kitenzi kumbuka kilinyambuliwa katika hali ya kusababisha kikawa kumbusha, kisha likaundwa jina kwa kiambishi awali ma- na kiishio -o. Kitenzi kumbusha hakikamiliki bila kuwapo mkumbushaji, mkumbushwa na jambo linalokumbushwa. Kwa hiyo jina lenyewe linabeba maswali ambayo wataalamu wa makumbusho wa Ulaya waliyafikia baada ya mijadala mirefu: nani anamkumbusha nani, na kuhusu nini? Jumba la makumbusho lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 lilikuwa la ukumbusho wa Mfalme George V wa Uingereza, na wengi wa waliopita mlangoni mwake hawakuwahi kumfahamu mtu huyo hata wakaweza kumsahau.

Neno chama nalo lina upana ambao maneno ya Kiingereza yanayolikaribia hayana. Chama ni cha siasa, ni cha wafanyakazi, ni cha kufa na kuzikana, na ni cha ngoma. Maana hii ya mwisho inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger alichapisha utafiti wake juu ya ngoma ya beni katika Afrika Mashariki, akaonyesha jinsi vyama vya ngoma hiyo, vilivyoanzia katika miji ya pwani, vilivyoenea bara wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 pamoja na askari na wapagazi. Vyama viwili vilivyokuwa mashuhuri Tanganyika ni Arinoti na Marini. Jina Marini limetokana na neno la Kiingereza linalohusu askari wa majini, na wanachama wake walipeana vyeo, wakavaa sare na kuhesabiana michango. Beni iliingia Nyasaland pia, na ngoma za malipenga na mganda zinazochezwa kandokando ya ziwa ni za ukoo wake. Hivyo watu walioishi mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi walikuwa na vyama vyenye jina la kibaharia zaidi ya miaka hamsini kabla makumbusho ya ubaharia ya dunia hayajawa na chama chake. Hilo halikuwa kosa la jiografia. Walichukua jina kwa sababu ya hadhi iliyokuwamo ndani yake, wala hawakuomba ruhusa.

Vyama na mipaka yake

Chama cha kwanza cha kitaalamu cha makumbusho duniani kiliundwa York, Uingereza, mwaka 1889. Katika Afrika, chama cha kusini mwa bara kilianzishwa Kimberley mwaka 1936, wakati ambapo wanachama walikuwa wasimamizi wa makumbusho ya Wazungu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, liliundwa mjini Paris Baraza la Kimataifa la Makumbusho, maarufu kama ICOM. Kongamano la Kimataifa la Makumbusho ya Ubaharia, yaani ICMM, lilifuata mwaka 1972, na nguvu yake ilitoka hasa katika mataifa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yaliyokuwa na majumba makubwa yanayohifadhi merikebu, ramani na vyombo vya kupimia njia baharini.

Pengine itaulizwa vyama hivi vina kazi gani zaidi ya kukutana. Kazi yao iliyo kubwa haionekani kwa mgeni. Ni humo zinamoandikwa kanuni za maadili. ICOM ilipitisha zake Buenos Aires mwaka 1986. Ni humo wanamofundishwa watunzaji namna ya kuzuia kutu isile chuma kilichotolewa majini na namna ya kukausha mbao zilizolowa miaka mia bila kuzipasua. Zaidi ya yote, chama ni orodha ya watu wanaojuana. Meli ya zamani inapotaka kukatwa vyuma chakavu, mtunzaji aliye ndani ya chama anajua ni nani wa kumwandikia barua wiki hiyo hiyo. Aliye nje hupata habari vyuma vikiwa vimekwisha pimwa na kulipiwa. Kwa ufuo kama wa Itungi, ambako vyombo vya chuma ni vichache na kila kimoja kimebeba maisha ya vijiji vizima, tofauti ya hali hizo mbili si ndogo.

Afrika iliyokuwa imepata uhuru haikukaa kimya. Alpha Oumar Konaré, msomi wa Mali aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa ICOM, kuanzia 1989 hadi 1992, alisimamia mfululizo wa mikutano iliyofanyika mwaka 1991 Benin, Ghana na Togo kuuliza Afrika inahitaji makumbusho ya namna gani. Katika juhudi hizo ndimo ulimozaliwa mpango uliogeuka kuwa Baraza la Kimataifa la Makumbusho ya Afrika, AFRICOM, lililoundwa rasmi Lusaka mwaka 1999 na makao yake yakawa Nairobi. Lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo AFRICOM iliundwa kwa msingi wa bara, wala si kwa msingi wa aina za makumbusho, na mtunzaji wa vyombo vya majini hakupata humo wenzake wa kazi yake hasa.

Pwani, mambo yalikwenda kwa njia yake. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilifanywa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walichimbua mbele yake mabaki ya merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati wa mazingiwa ya ngome hiyo. Zanzibar, mwaka 2003, mafundi waliunda upya mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Katika miaka ya karibuni zaidi mtandao wa utafiti uliozihusisha Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska ulishughulikia urithi wa majini wa mwambao, na mmoja wa miradi yake, wa Bagamoyo, uliitwa Bahari Yetu, Urithi Wetu. Jina hilo ni zuri na kazi yenyewe ilikuwa ya maana. Lakini msomaji wa Kyela akilisoma ana haki ya kuuliza kama naye yumo katika hiyo -etu.

Ziwa lililobaki

Kilichobaki nje si kidogo. Ziwa Nyasa lina urefu wa takribani kilomita 560 na kina kinachofikia mita 700. Upepo wa kusini, ambao wasemaji wa Kichewa huuita mwera, unapovuma kwa siku kadhaa husukuma maji urefu wote huo, na mawimbi yake huja kumalizikia katika ncha ya kaskazini, kwenye mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mito hiyo nayo hushusha mchanga na matope kutoka katika milima ya Rungwe. Bandari ya Itungi imeishi kati ya nguvu hizo mbili, wimbi kutoka mbele na tope kutoka nyuma, na ndiyo sababu kazi nyingi za meli zilihamia Kiwira iliyo jirani. Historia ya bandari hii ni historia ya watu wanaotafuta mlango wa mto usiozibwa.

Tabaka la kwanza la urithi huo ni mtumbwi wa gogo moja. Jina la chombo hicho ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa yanayoshirikiwa na lugha za Kibantu: Kichewa husema bwato, Kilingala vivyo hivyo, na Kiganda eryato. Waswahili wa pwani, ambao ndio waliosifiwa kwa ubaharia kuliko wote, wanasema mtumbwi, wakati watu wa maziwa na mito wamelihifadhi lile jina la kale. Ni kwa mitumbwi ambapo wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa Ikombe na jirani zake karibu na Matema, wamekuwa wakipeleka vyungu vyao sokoni Lyulilo na mbali zaidi, wakirudi na vyakula. Makumbusho mengi yana vyungu vya Kikisi. Huwekwa katika chumba cha ufinyanzi. Hakuna anayekumbushwa kwamba chungu kile kilikuwa shehena, na kwamba namna kilivyopangwa na kufungwa mtumbwini ili mawimbi yasikivunje ni ujuzi wa kibaharia kamili.

Tabaka la pili linauma kulitaja. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara kutoka pwani, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alijenga makao yake Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa, akaundisha majahazi ya namna ya pwani ya kuvushia watumwa na pembe za ndovu kuelekea njia ya Kilwa. Kaskazini, karibu na Karonga, Mlozi alianza kupigana na Kampuni ya Maziwa ya Afrika mwaka 1887, na alinyongwa Desemba 1895. Tanga la pwani, mlingoti wake, na bila shaka sehemu ya msamiati wake, vilifika ziwani katika biashara hiyo. Mwanaisimu anayefurahia kukuta neno la pwani katika kinywa cha mvuvi wa ziwani hana budi kukumbuka lilisafiri na nani. Makumbusho yoyote ya ubaharia ya ziwa hili yatakayokwepa jambo hilo yatakuwa yamekwepa nusu ya kazi yake, na hapa ndipo kanuni za maadili za chama zinapokuwa na faida, kwa kuwa humpa mtunzaji wa wilayani nguvu ya kusema lile ambalo wakubwa wa mahali wangependa linyamaziwe.

Stima zilikuja kwa hoja ya kuizima biashara hiyo. Ilala ya wamisionari wa Livingstonia iliingia ziwani Oktoba 1875, ikiwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kupita maporomoko ya Shire. Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ile iliyokuwa na makao Zanzibar na iliyofanya kazi kubwa ya kukiandika Kiswahili, ilileta Charles Janson mwaka 1885 na Chauncy Maples mwaka 1901, ya pili ikichukua jina la askofu aliyekufa maji ziwani humo mwaka 1895. Wajerumani wakaleta Hermann von Wissmann mwaka 1893 na kufungua kituo chao cha Langenburg kaskazini-mashariki ya ziwa. Jina hilo baadaye lilihamishiwa milimani, Tukuyu ya leo.

Stima hiyo ya Wajerumani ndiyo iliyoingiza ziwa katika vitabu vya vita. Tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa imepandishwa chelezoni kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambayo sasa ni Liuli, ilishambuliwa kwa mizinga na manowari ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa amezoeana sana na Rhoades, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Alipiga makasia akaenda kumlaumu rafiki yake, akatiwa mbaroni. Magazeti ya London yaliandika habari ya ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mzaha wa maofisa wawili, na ni kweli kinachekesha. Kilichopotea katika kicheko ni watu wa Liuli waliokuwa chelezoni asubuhi ile, mafundi na wapakizi, ambao hawakutajwa na yeyote. Mzinga unaoaminika kuwa ndio uliopiga risasi hizo umewekwa Mangochi, kando ya mnara wa saa. Mnara huo huo una ukumbusho wa watu 145 waliokufa meli Vipya ilipozama Julai 1946. Mangochi pia kuna Makumbusho ya Ziwa Malawi. Liuli hakuna kitu.

Sheria nazo zina sehemu yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa kikomo cha vitu vinavyolindwa moja kwa moja kwa sababu ya umri wao. Vilivyofuata baada ya hapo vinahitaji tangazo la waziri. Kwa kipimo hicho stima zote za ziwa zilizaliwa zikiwa zimechelewa. Mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji ulipitishwa Novemba 2001 na kuanza kutumika Januari 2009. Huo unahesabu miaka mia moja chini ya maji, kipimo ambacho kingezifaa stima. Lakini kifungu chake cha 28 kinasema kwamba kanuni za mkataba zitahusu maji ya bara yasiyo na sifa ya bahari pale tu nchi itakapotamka hivyo. Bahari inalindwa bila kuombewa, na ziwa linalindwa likiombewa. Ugumu unazidi hapa kwa sababu Tanzania na Malawi hazijakubaliana mpaka wa ziwa wenyewe uko wapi tangu suala hilo lilipofufuliwa katika miaka ya 1960, mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1890 yakisomwa na kila upande kwa namna yake. Nani atatamka kwa ajili ya maji ambayo hayajulikani ni ya nani?

Ipo meli moja ya enzi hiyo ambayo hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba urithi wa maziwa unaweza kuokoka bila chama chochote: Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ni kweli iliokoka. Iliokoka kwa sababu ilihitajika kubeba watu na dagaa, na mafundi wa Kigoma waliitengeneza kwa vizazi. Meli inayofanya kazi hujilinda. Swali la makumbusho huanza siku inapoacha kufanya kazi, na MV Songea na MV Iringa hazikuwa na jina la Kijerumani la kuwavuta watalii.

Baharia wa maji baridi

Je, ni neno bahari lililowafungia nje? Mfano wa Amerika ya Kaskazini unaonya dhidi ya kujibu haraka. Huko, watu wa Maziwa Makuu hawakusita kutumia kwa maziwa yao neno la Kilatini linalotokana na bahari. Manitowoc, kando ya Ziwa Michigan, kuna makumbusho yanayojiita ya kibahari ya jimbo la Wisconsin, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliundwa jumuiya ya kushughulikia historia ya ubaharia ya maziwa hayo peke yake. Neno, basi, halifungi mlango lenyewe. Hufungwa na ukimya wa wale wanaoweza kulidai.

Kiswahili kinasaidia na kinazuia kwa wakati mmoja. Kinazuia kwa sababu kimetenga bahari na ziwa kwa ukali. Kwa Mswahili wa mwambao, ziwa lilikuwa hata dimbwi la nyuma ya kijiji ambako ng'ombe hunywa, na neno hilo hilo likabebeshwa maji ya kilomita 560 yenye dhoruba zinazozamisha meli. Kinasaidia kwa sababu baharia, ingawa ametoka katika shina la Kiarabu la bahari, hakubaki baharini. Matumizi ya kawaida humwita baharia mtu yeyote afanyaye kazi chomboni, awe Tanga au Itungi. Nahodha na nanga, maneno yenye asili ya Kiajemi, yamepanda bara bila kubadilika. Meli, iliyotokana na chombo cha kuchukulia barua za Waingereza, na manowari, chombo chao cha vita, yametumika ziwani kama yalivyotumika Unguja. Dola nayo imekubali jambo hilo zamani. Mamlaka ya Bandari Tanzania, iliyoanza mwaka 2005, inasimamia Dar es Salaam na Itungi chini ya jina moja, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinasomesha watu wanaokwenda kufanya kazi katika maziwa. Mwenye cheti cha ubaharia ziwani ni baharia mbele ya sheria. Ni katika urithi tu ambapo anarudishwa kuwa mvuvi, na zana zake zikapelekwa chumba cha uvuvi.

Kwa sababu hiyo, istilahi makumbusho ya ubaharia, inayotumika katika mhadhara huu, inafaa kupendelewa kuliko makumbusho ya bahari. Ya pili inataja maji; ya kwanza inataja kazi na watu. Wako watakaosema huo ni ubishi wa wanaisimu, na kwamba ada ya uanachama wa kimataifa hailipwi kwa istilahi. Hawakosei. Lakini jina ndilo linaloamua ni wizara gani itapelekewa barua, na ni faili gani litafunguliwa. Faili la uvuvi halitaulizia daftari la safari la MV Iringa.

Kilicho cha haraka si jengo. Ni kuandika sasa, kwa Kiswahili, Kinyakyusa, Kikisi na Kimanda, majina ya sehemu za mtumbwi na za meli, ya pepo na ya mikondo, na kueleza mbele ya kila jina lilitumikaje na nani alilitumia; kisha kuomba madaftari ya safari, kengele na vibao vya majina kabla havijauzwa kwa kilo. Kazi hiyo inaweza kufanywa na walimu wa sekondari wa Kyela pamoja na mabaharia wastaafu, na Sheria ya Vyama inatosha kuwaandikisha. Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, tangu mwaka 2004 kuna kituo cha utamaduni na makumbusho ambacho kingekuwa jirani wa kwanza wa kushirikiana nao.

Kikwazo cha mwanzo kitakuwa jina, kama ilivyo kwa vyama vyote. David Livingstone alipofika ufuoni Septemba 1859 na kuuliza maji yale yanaitwaje, aliambiwa nyasa, yaani ziwa, akaliandika kama jina. Tanzania imelishika, Msumbiji inaandika Niassa, na Malawi imeliita ziwa kwa jina la nchi yake tangu uhuru. Chama cha nchi tatu hakiwezi kuchagua mojawapo bila kuwaudhi wengine. Lakini Kichewa, jirani wa upande wa pili, kina neno nyanja, ndugu wa nyasa na wa nyanza ya Kisukuma, na Kiganda kina ennyanja. Katika lugha hizo neno moja linatosha kwa ziwa na kwa bahari pia. Anayetaka kutofautisha huongeza kwamba maji yale mengine yana chumvi.